Mpira wa kikapu kwa watoto wetu: wote watano washambulie



Katika kurasa za afya tumezoea kusoma habari za malaria, chanjo, maji safi na lishe ya mama mjamzito. Leo tunaomba ruhusa yenu tutoke kidogo nje ya zahanati, twende hadi kile kiwanja cha saruji kilicho nyuma ya kanisa au pembeni mwa shule, ambapo watoto wetu hucheza mpira wa kikapu jioni na siku za Jumapili baada ya Misa. Pengine baadhi yenu mtauliza, je, kikapu kinahusiana nini na afya? Kinahusiana sana. Tena kinahusiana na jambo moja ambalo sisi wazazi hatulitazami kabisa, nalo ni jinsi kocha anavyowafundisha watoto kushambulia, yaani namna ya kuufikisha mpira kwenye ringi ya wapinzani.

Simameni pembeni mwa kiwanja chochote mwangalie. Mara nyingi mtaona hivi: yupo kijana mmoja, mrefu kuliko wenzake au mwenye mbio kuliko wenzake. Kila timu yake inapopata mpira, kocha na watazamaji wanapaza sauti, "Mpe yeye! Mpe yeye!" Kijana anaudunda mpira kutoka upande mmoja wa kiwanja hadi wa pili, anawapita wawili, anaruka, anatupa. Wenzake wanne wamesimama, mikono kiunoni, wanamtazama. Au hali inakuwa mbaya zaidi: wote, wa timu yake na wa timu pinzani, wanamkimbilia na kusongamana chini ya ringi kama kuku waliomwagiwa mtama. Mwisho timu inashinda, watu wanapiga makofi, na kila mzazi anarudi nyumbani akiamini kwamba mtoto wake amefanya mazoezi.

Sisi tunasema hapana. Mmoja amefanya mazoezi kupita kiasi, wanne hawakufanya ya kutosha, na wote watano wamewekwa katika hatari ya kuumia ambayo ingeweza kupunguzwa na kocha anayejua kazi yake.

MCHEZO ULIOBUNIWA KWA AJILI YA AFYA

Inafaa tukumbuke mchezo huu ulitoka wapi. Mnamo Desemba 1891, katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts huko Marekani, mwalimu wa mazoezi ya viungo aliyeitwa James Naismith alipewa darasa la vijana 18 wa chuo cha YMCA. Ilikuwa majira ya baridi, michezo ya nje haikuwezekana, na vijana walikuwa wamechoshwa na mazoezi ya kunyoosha viungo ukumbini. Mkuu wake alimtaka abuni mchezo wa kuchezwa ndani, utakaowachangamsha bila kuumizana. Naismith alitundika vikapu viwili vya matunda kwenye roshani za ukumbi, kimoja kila upande, akaandika kanuni 13, akawagawa vijana wake tisa kwa tisa. Huyu bwana alikuwa amesomea teolojia, na mwaka 1898 alihitimu pia udaktari wa tiba. Kwa hiyo tunapoandika habari za kikapu katika ukurasa wa afya hatujatoka nje ya njia.

Jambo la kutazama ni hili. Katika zile kanuni 13 imo moja inayokataza mchezaji kukimbia na mpira. Alitakiwa autupe kutoka pale pale alipoudakia. Kudunda mpira huku unakimbia hakukuwemo katika kanuni hizo, kulikuja baadaye. Maana yake, tangu mwanzo huu ulikuwa mchezo wa kupasiana. Anayetaka mpira usogee mbele ilimbidi amtazame mwenzake.

Akina mama mliocheza netiboli shuleni mnalielewa hili bila kufundishwa, maana netiboli nayo ilizaliwa kutokana na mchezo huu wa Naismith. Ukidaka huruhusiwi kutembea. Unainua macho, unamtafuta mwenzako aliyejinasua, unatoa pasi, kisha wewe mwenyewe unakimbia kwenda mahali penye nafasi. Kwa maoni yetu mama wa namna hiyo akiombwa asaidie mazoezi ya watoto Jumamosi mbili tatu, anaweza kuwafaa zaidi kuliko akina baba kumi wanaopiga kelele pembeni.

MTOTO ASIYEGUSA MPIRA

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa angalau dakika 60 kila siku za kuutumia mwili kwa nguvu, yaani kiasi cha kufanya moyo uende mbio na pumzi iongezeke. Mtoto wa kijijini anayetembea kilomita nyingi kwenda shule, kisha akateka maji na kuchunga mbuzi, hana haja ya kuhesabiwa dakika. Tunamwongelea zaidi mtoto wa mjini, anayepanda basi asubuhi, anakaa kwenye dawati mchana kutwa, anakwenda masomo ya ziada, halafu anamalizia siku mbele ya televisheni au akiwa ameinamia simu ya mama yake. Kwake yeye ile saa moja ya kikapu ndiyo karibu mazoezi yake yote. Akiitumia kusimama mikono kiunoni, amepata nini?

Halafu kuna jambo la moyoni. Mtoto asiyepewa mpira husubiri. Wiki ya kwanza anakimbia huku na huku akinyoosha mikono, wiki ya tatu anatembea, na mwezi wa pili haonekani. Hakuaga, na mara nyingi hakuna aliyeuliza. Ukichunguza walioacha utakuta ni mnene, au mfupi, au mwenye aibu, au binti aliyechanganywa na wavulana ambao hawampi pasi hata akiwa peke yake chini ya ringi. Kwa maneno mengine, wanaoondoka ni wale hasa ambao mazoezi yangewafaa kuliko wote. Tunalalamika kwamba kisukari na shinikizo la damu vimeingia katika nyumba zetu, na huku viwanja vyetu vinamfukuza mtoto mnene bila hata kumwambia neno. Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorinto, katika sura ya 12 ya barua yake ya kwanza, juu ya viungo vingi vya mwili mmoja. Sura hiyo tunaisoma kanisani na mita hamsini kutoka hapo tunaisahau.

MTOTO ANAYEBEBA TIMU

Msidhani yule nyota ndiye aliyenufaika. Yeye anaruka mara nyingi kuliko wote, anagongwa kuliko wote, na kwa kuwa kila timu inamtaka, anachezea shule siku za kazi, mtaa Jumamosi na parokia Jumapili.

Kati ya miaka 10 na 15 hivi, mifupa ya mtoto hurefuka haraka na misuli pamoja na kano hubaki nyuma kidogo, zikiwa zimevutika. Kila anaporuka, msuli mkubwa wa paja huivuta ile sehemu ya mfupa wa muundi iliyo chini kidogo ya goti, ambayo bado haijakomaa. Ikivutwa mara nyingi mno inavimba, inauma ikiguswa, na huonekana kama nundu ndogo. Madaktari wanaiita hali hii Osgood-Schlatter. Si baridi yabisi. Wala mtoto hajarogwa na timu ya parokia jirani, kama tulivyowahi kusikia ikisemwa. Ni mwili unaoomba kupumzishwa. Dawa yake kubwa ni kupunguza kuruka na kukimbia kwa muda, kukanda kwa barafu au maji baridi baada ya mazoezi, na kunyoosha misuli ya paja taratibu. Kwa kawaida maumivu huisha ukuaji ukishatulia. Lakini mtoto anayelazimishwa kucheza huku anachechemea kwa sababu "bila yeye tutafungwa" anaweza kuteseka miezi mingi.

Wataalamu wa tiba ya michezo wana kanuni nyepesi ambazo mzazi anaweza kuzishika kichwani. Mtoto apate siku moja au mbili kila wiki bila mazoezi ya mchezo wake. Na saa zake za mchezo kwa wiki zisizidi miaka yake: wa miaka 12, saa 12, ukijumlisha timu zote anazochezea. Nani anajumlisha? Kocha wa shule hajui ya mtaani, na kocha wa mtaani hajui ya parokia. Ni wewe mzazi.

Tunajua kinachowasukuma wengine. Mwaka 2009 kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, alichaguliwa wa pili kati ya wote walioingia ligi kuu ya Marekani, NBA, akawa Mtanzania wa kwanza kuicheza. Ni sifa kwa nchi yetu, na watoto wana haki ya kuota ndoto. Ila Thabeet ana urefu wa zaidi ya mita mbili na sentimita ishirini, na urefu huo haufundishwi uwanjani. Hao NBA wenyewe, pamoja na chama cha mpira wa kikapu cha Marekani, walitoa mwongozo mwaka 2016 wakishauri mtoto asishikilie kikapu peke yake kabla ya miaka 14. Kabla ya hapo acheze na michezo mingine.

Tena, aliye mrefu kuliko wote akiwa na miaka 12 si lazima awe mrefu kuliko wote akifika 17. Wengine hubalehe mapema wakawatangulia wenzao, halafu wenzao huwafikia na kuwapita. Kocha aliyemsimamisha huyo mrefu chini ya ringi miaka mitano bila kumfundisha kudunda, kupasi wala kutupa kwa mbali, atakuwa amemwacha bila kitu.

MSONGAMANO HUVUNJA VIFUNDO

Katika mpira wa kikapu kiungo kinachoumia mara nyingi zaidi ni kifundo cha mguu. Na njia moja ya kawaida ya kukiumiza ni hii: mchezaji anaruka, anashuka, na badala ya kukanyaga sakafu anakanyaga mguu wa mwenzake. Kifundo kinapinda kwa ndani, kano za upande wa nje zinavutika au kukatika.

Sasa rudini kwenye ile picha ya kuku na mtama. Watoto wanane wamebanana katika eneo dogo, wanaruka pamoja, wanashuka pamoja. Ni ajabu wasipoumia. Kwa hiyo kocha anapowafundisha watoto kutawanyika na kuachiana nafasi, hafundishi mbinu ya ushindi tu, anavilinda vifundo vyao. Hapo ndipo ufundi wa kushambulia na afya vinapokutana, na ndiyo sababu ya makala hii.

NAMNA YA KUFUNDISHA

Tuanze na vifaa. Ringi ya watu wazima huwa mita 3.05 kutoka chini. Mtoto wa miaka tisa hawezi kuufikisha mpira huko bila kupinda mgongo na kuurusha kama anayetupa jiwe. Katika mpira wa kikapu wa watoto chini ya miaka 12 ringi huwekwa mita 2.60, na hutumika mpira namba 5, mdogo na mwepesi kuliko ule namba 7 wa wanaume. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza ringi ya namna hiyo kwenye nguzo ya bomba kwa siku moja. Kamati ya vijana ikimwendea Paroko na ombi kama hilo, ni gharama ndogo kuliko jezi mpya, na kwa maoni yetu inastahili kutangulia jezi.

Kabla ya mbinu yoyote, watoto wajifunze kusimama. Ndiyo, kusimama. Mtoto anakimbia, anadaka, anatua kwa miguu yote miwili kwa pamoja, magoti yamepinda na yanaelekea mbele, hayakuingia ndani. Halafu anajizungusha akiwa ameubakiza mguu mmoja chini kama mhimili, macho juu, anatazama ringi na wenzake. Zoezi hili lifanywe dakika kumi kila siku ya mazoezi bila kuchoka. Kwa mabinti ni muhimu zaidi, maana wao huumia kano ya katikati ya goti kwa wingi kuliko wavulana, na mara nyingi si kwa kugongwa bali kwa kutua au kugeuka vibaya. Anayejua kutua na kusimama analinda goti lake, na papo hapo anapata utulivu wa kuona nani amejinasua.

Kisha ndipo yaje mashambulizi ya timu. Tunapendekeza kuanza hivi. Chukueni chokaa, mchore alama tano mbali na ringi: moja mbele kabisa ikiitazama, mbili ubavuni kulia na kushoto, na mbili pembeni karibu na mstari wa mwisho. Kati ya alama na alama ziwe kama hatua nne au tano za mtu mzima. Waambieni watoto kwamba hizi ni nyumba tano, na kila nyumba ina mwenyeji wake mmoja. Chini ya ringi hakuna nyumba. Hapo ni njia ya kupita tu.

Utaratibu ni mmoja. Ukishatoa pasi, usisimame kuitazama. Kimbia moja kwa moja kuelekea ringi, mkono juu, ukitazama mpira, maana mwenzako anaweza kukurudishia na ukatupa ukiwa karibu. Usiporudishiwa, pitiliza utokee upande wa pili kwenye nyumba iliyo tupu. Wenzako wanasogea kuijaza nyumba uliyoiacha, ili mwenye mpira asikose jirani wa kumpasia. Basi. Hii ndiyo mashambulizi. Mkisharudia mara nyingi mtaona watoto watano wanazunguka, mpira unazunguka, na wapinzani wanalazimika kutoka chini ya ringi kuwafuata. Uwanja unafunguka.

Baada ya wiki kadhaa ongezeni jambo la pili. Mpinzani akisimama katikati yako na mpira ili aikate pasi, usimsogelee kubishana naye. Mwache hapo hapo, chomoka mgongoni mwake kuelekea ringi, na pasi ikufuate ikidunda chini mara moja. Watoto hulipenda sana jambo hili kwa sababu mdogo anamshinda mkubwa bila kugusana naye.

Zoezi tunalolipenda kuliko yote ni la watatu kwa watatu, nusu kiwanja, marufuku kudunda. Hakuna njia ya kusogea ila kupasi na kukimbia. Dakika kumi za zoezi hili humtoa jasho kila mtoto, na yule mwenye aibu hawezi kujificha kwa kuwa wako watatu tu. Baadaye ruhusuni kudunda mara mbili, si zaidi. Kudunda kuna kazi yake, nayo ni kwenda kwenye ringi au kutafuta pembe nzuri ya pasi.

Wapo makocha wanaotunga sheria kwamba katika mechi hakuna kutupa mpaka wote watano wameugusa mpira. Nia ni njema, lakini hatukubaliani nayo. Mtoto aliye peke yake chini ya ringi atupe. Ukimkataza unamfundisha kutotumia macho yake. Sheria hiyo ibaki mazoezini. Katika mechi inatosha kuwakumbusha kwamba asiyeona njia asiubanie mpira zaidi ya kuhesabu moja, mbili, tatu.

Mambo ya kumzuia mkabaji kwa mwili ili mwenzako apite, tuwaachie waliofika miaka 13 au 14. Kabla ya hapo hugeuka kugongana tu. Na ukicheza na parokia jirani, ongea na kocha wao kabla ya mechi, mkubaliane kwamba kila mtoto atamkaba mtoto wake, isiwe kuwapanga watano chini ya ringi kama ukuta. Ule mwongozo wa mwaka 2016 tulioutaja nao haukubali ulinzi wa kupanga eneo kwa walio chini ya miaka 12, kwa sababu unarudisha msongamano ule ule tunaoukimbia.

"TUTAFUNGWA"

Tunajua neno hili litatoka. Ni kweli, mkianza mnaweza kufungwa. Timu inayopasiana hupoteza pasi nyingi mwanzoni, na mzee mmoja pembeni hakosi kusema kocha ameiharibu timu. Ndugu makocha, vumilieni, na ndugu wazazi, wavumilieni makocha.

Wengi wenu mnalijua jina la Michael Jordan. Alijiunga na timu ya Chicago mwaka 1984, na kwa miaka kadhaa alifunga pointi kuliko mtu yeyote katika ligi yao, lakini ubingwa hakuupata. Kocha Phil Jackson, akisaidiwa na mzee Tex Winter, aliileta mbinu ya pembetatu, ambayo inamtaka kila mchezaji ajue nafasi yake na mpira upite mikononi mwa wote. Jordan mwanzoni hakuwa na hamu nayo. Mwaka 1991 walipata ubingwa wao wa kwanza, na hadi mwaka 1998 walikuwa wameupata mara sita. Na wala hakupungukiwa: katika msimu ule wa 1991 bado yeye ndiye aliyeongoza ligi kwa pointi.

Mfano wa pili haujulikani sana kwetu, nao ndio tunaouona unafaa zaidi kwa watoto. Chuo kikuu cha Princeton hakiwapi vijana ufadhili kwa sababu ya michezo, hivyo kocha Pete Carril, aliyekuwa hapo tangu mwaka 1967, mara nyingi alikuwa na vijana wasio warefu sana wala wenye mbio sana. Aliwafundisha kupasi kwa subira, kutawanyika, na kuchomoka mgongoni mwa mkabaji. Machi 1996, katika msimu wake wa mwisho, walikutana na UCLA, mabingwa wa mwaka uliotangulia. Zikiwa zimebaki sekunde chache, matokeo 41 kwa 41, kijana mmoja wa Princeton alichomoka nyuma ya mkabaji wake, akapewa pasi, akaweka mpira kikapuni. Mchezo uliisha 43 kwa 41. Mbinu iliyowaangusha mabingwa ni ile ile tuliyoieleza hapo juu ya kumwacha mkabaji na kupita mgongoni.

JUA, MAJI, CHAKULA

Tukishawafanya wote watano wakimbie, wote watano watatoka jasho. Saruji ya saa nane mchana huwaka kama kikaango. Mazoezi yawe asubuhi au baada ya saa kumi jioni, na kila baada ya dakika 15 au 20 kocha apige filimbi wanywe maji salama, hata asiyesikia kiu. Kumnyima mtoto maji ili "awe mkakamavu" ni ujinga wa zamani na ni hatari.

Mtoto asije kiwanjani na njaa. Wengi hutoka Misa ya kwanza kwenda moja kwa moja uwanjani bila kutia kitu mdomoni. Uji, kiazi kitamu au ndizi saa moja au mbili kabla vinatosha. Baada ya mchezo apate chakula chenye maharage au dagaa na mboga za majani. Binti aliyevunja ungo anayechoka haraka na kuhema kuliko wenzake apimwe wingi wa damu, asiitwe mvivu.

Kocha ajue pia nani ana pumu na nani ana selimundu. Mwenye pumu acheze, dawa yake ya kuvuta ikiwa karibu, si nyumbani kabatini. Nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu; mtoto wa namna hiyo asitengwe, ila mzazi aongee kwanza na daktari wake, apumzike mara kwa mara, anywe maji mengi, asilazimishwe kukimbia mbio za adhabu. Kwa jumla mbio za adhabu tungeziondoa kwa wote. Mtoto akiadhibiwa kwa kukimbia, atapendaje kukimbia?

KIFUNDO KIKISHTUKA

Hata mkifanya vyema, siku moja mtoto atateguka. Atolewe uwanjani hapo hapo. Aketi, mguu uinuliwe juu ya benchi, uwekewe barafu iliyofungwa kwenye kitambaa au kitambaa kilicholowa maji baridi kwa dakika 15 hadi 20, na hilo lirudiwe mara kadhaa siku hiyo. Kifungwe bandeji ya kuvutika, isibane hadi vidole vikafa ganzi. Siku mbili za mwanzo msikande kwa maji ya moto, msisugue kwa mafuta, na kwa hisani yenu msimpeleke kwa mtu wa kuuvuta mguu "urudi mahali pake". Mifupa ya mtoto ina sehemu laini za ukuaji karibu na viungo, na kinachoonekana kama kuteguka huweza kuwa ni ufa katika sehemu hizo. Kama hawezi kukanyaga hatua nne, au mfupa wenyewe unauma ukibonyezwa, apelekwe hospitali apigwe picha.

Na kurudi uwanjani kusiamuliwe na ratiba ya mechi. Mtoto asimame kwa mguu ulioumia peke yake huku amefumba macho, kisha aruke juu yake mara kumi, kisha akimbie akikata kona kulia na kushoto. Akiweza yote bila maumivu na bila kuvimba kesho yake, aanze mazoezi. Akishindwa hata moja, aketi na wenzake kwenye benchi wiki nyingine, na kocha ampe daftari ahesabu pasi za timu yake.